Anayeshika Zamu Yangu Nyumbani

Wasichana wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, wana swali moja ambalo walimu wao hawalipendi. Nikialikwa shuleni kuzungumzia udaktari, mwalimu wa taaluma huwa ameshanielekeza mapema: wape moyo, waambie fizikia haimli mtu, waeleze habari za mkopo wa elimu ya juu. Nayafanya yote hayo. Kisha mkono unanyooshwa kutoka dawati la nyuma. "Daktari, ukiwa zamu ya usiku watoto unamwachia nani?" Darasa linaangua kicheko, mwalimu anakohoa, nami natoa jibu la adabu: familia inanisaidia.

Jibu hilo si la uongo, ila limekatwa katikati. Nataka kulijibu hapa lote, kwa sababu katika mambo yanayomkuta mwanamke aliyechagua udaktari huku kwetu Mwanza, hilo ndilo zito kuliko mengine na ndilo tunaloliongelea kwa kunong'ona. Tunalalamikia ada. Tunalalamikia wagonjwa wanaotuita "sista" huku mwanafunzi wa kiume aliyesimama nyuma yetu akiitwa "dokta". Tunawasema wakubwa wenye midomo michafu. Yote yapo. Lakini sijawahi kukutana na daktari aliyeacha ubingwa kwa sababu ya kuitwa sista. Walioacha ninaowafahamu, waliacha kwa sababu dada wa kazi aliondoka.

Hesabu ya umri ndiyo inayoanza kutubana. Udaktari ni miaka 5 ya chuo, ukimaliza kuna mwaka 1 wa utarajali, yaani kazi ya mafunzo hospitalini, halafu unasubiri ajira, na siku hizi kusubiri kwenyewe kunaweza kukuchosha kuliko masomo. Ukipata kituo, unafanya kazi miaka kadhaa kabla ya kupata ruhusa ya kwenda kusoma. Ubingwa nao ni miaka 3, na ukitaka kubobea zaidi unaongeza. Msichana aliyemaliza kidato cha sita akiwa na miaka 19 au 20 anajikuta anapigania ubingwa akiwa kwenye thelathini na kitu. Ni miaka ileile ambayo mwili unataka kuzaa, wakwe wanauliza wajukuu, na kila harusi unayohudhuria kuna mama mdogo anayekushika tumbo bila kuomba ruhusa.

Wenzetu wa kiume wanapita miaka hiyohiyo, na wao hawana njia ya mkato. Tofauti yao na sisi iko nyumbani. Wenzangu wengi wa kiume waliingia ubingwa wakiwa wameoa, na ndoa iliwapunguzia kazi: chakula kipo mezani, nguo zimepigwa pasi, mtoto akiumwa kuna mtu wa kumpeleka kliniki. Mimi ndoa iliniongezea. Ratiba nzima ya kumtengeneza daktari bingwa ilipangwa na watu ambao nyumbani kwao kulikuwa na mtu.

Huwezi kusema hakuna kilichobadilika. Profesa Esther Mwaikambo, anayetambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kuwa daktari, alihitimu mwaka 1969, na ilibidi aende kusomea Moscow. Mwaka 1987 yeye na wenzake wakaanzisha MEWATA, chama cha madaktari wanawake. Huku Kanda ya Ziwa, tangu chuo cha udaktari kilipoanza pale hospitali ya Bugando, Mwanza, mwaka 2003, msichana wa Misungwi au Magu anaweza kusoma udaktari akiwa umbali wa daladala mbili kutoka kwa mama yake. Watu hulichukulia hilo kama jambo dogo la nauli. Kwa mwenye mtoto mchanga, daladala mbili kutoka kwa mama ndiyo tofauti kati ya kufanya mtihani na kuuahirisha.

Hata hivyo ukipanda ngazi, wanawake wanapungua. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2019 ikionyesha kwamba wanawake ni karibu asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya duniani, lakini kwenye nafasi za juu za uongozi wanashika asilimia 25 tu. Sikushangaa. Vikao vya uongozi hufanyika saa kumi na moja jioni.

Nilipokuwa mwaka wa mwisho nilitaka upasuaji. Bingwa mmoja, mtu mwema ambaye hadi leo namheshimu, aliniita pembeni akaniambia kwa upole wa baba kwamba upasuaji ni kazi ya kusimama, mwanamke utachoka, chagua ngozi, macho, au watoto, upate muda wa familia. Sikuchagua kimojawapo. Baada ya utarajali nilipangiwa kisiwani Ukerewe, na Ukerewe ikaniamulia. Mama mwenye uchungu pingamizi, mtoto amekwama hatoki, unampa rufaa jioni, upepo umeanza, kivuko cha Rugezi kwenda Kisorya kimeshafanya safari ya mwisho, na Bugando iko ng'ambo ya maji yote yale. Utafanya nini? Unanawa mikono unaingia thieta mwenyewe. Niliporudi bara nikaomba magonjwa ya wanawake na uzazi, na kila mtu akafurahi. Yule bingwa pia alifurahi. Akasema hiyo ni fani ya kike.

Naomba mtu anieleze ukike wake uko wapi. Kumtoa mtoto kwa upasuaji nako ni upasuaji. Ni kukata na kushona, na unasimama vilevile. Na katika fani zote, sisi ndio tunaoamshwa usiku kuliko karibu kila mtu. Daktari wa ngozi hulala. Mama aliyeanza uchungu asubuhi kijijini, akashinda kwa mkunga, akafikishwa zahanati alasiri, akaandikiwa rufaa magharibi, atanifikia mimi saa saba usiku, na atanifikia akiwa amechelewa. Hivyo ndivyo zamu zetu zilivyo, na hakuna aliyeniambia hivyo wakati nashauriwa kuhusu muda wa familia.

Mahari nayo ina sehemu yake katika habari hii. Wazee wa upande wangu walipoketi na wa upande wa pili, udaktari uliongeza ng'ombe. Mjomba alisema bila kupepesa macho: huyu mmemkuta amesoma, msituletee hesabu za binti wa darasa la saba. Ng'ombe wakaja. Mwaka uliofuata shangazi wa mume wangu akatutembelea nyumbani kwetu Buswelu, akanikuta kitandani saa nne asubuhi. Nilikuwa nimetoka zamu, hata soksi sijavua. Nikamsikia sebuleni akimwambia mwenzake, "Ng'ombe wote wale, na mke analala mchana." Siku hizi tunacheka naye. Wakati ule nilijifunika shuka hadi kichwani.

Mume wangu ni mwalimu Sengerema. Kabla Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3, halijazinduliwa Juni 2025, alikuwa akikaa kule wiki nzima, maana kupanga maisha kwa foleni ya kivuko hakuwezekani. Kwa hiyo usiku wa katikati ya wiki tulikuwa mimi, watoto na dada. Simu ya kuitwa ikiingia saa nane usiku, naamka, nampigia mzee mmoja wa bodaboda ambaye hadi leo ndiye ninayemwamini, nafungua geti mwenyewe, na moyo unadunda mpaka nimefika barabara ya lami. Gari la hospitali lipo. Lilikuwa linafuata wakubwa.

Mapacha niliwabeba nikiwa mwaka wa pili wa ubingwa, katika hospitali ambayo sitaitaja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mjamzito asipangiwe kazi ya usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, na usiku inauhesabu kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Rosta ilipobandikwa nikajikuta nimepangiwa usiku, na tumbo wakati huo lilikuwa limeshatangulia mlangoni kabla yangu. Nikaenda kwa mpangaji zamu na karatasi ya sheria mkononi. Akaisoma yote, sikatai. Akanijibu: "Wewe hapa ni mwanafunzi. Hii ni ya waajiriwa." Kule wilayani nilikotoka, mwajiri aliyekuwa ananilipa mshahara alikuwa ananihesabu kuwa mwajiriwa niliyeko masomoni. Nikawa mtu wa huku na kule, sheria ikakosa pa kunishika.

Usiku mmoja tulimpokea mama mwenye kifafa cha mimba, ameshadegedeka njiani. Tukampeleka thieta. Nikasimama upande wa kulia wa mgonjwa kama kawaida, nikagundua siwezi kumsogelea. Tumbo langu lilikuwa linagonga ubavu wake kabla mikono haijafika. Mtaalamu wa usingizi, kijana mcheshi, akasema, "Dokta, hapa tuna wagonjwa wanne." Nikageuka ubavu, nikafanya kazi nimepinda, jasho likiingia kwenye barakoa, na wale wawili wakinipiga mateke kila nilipoinama. Mtoto alitoka akilia. Mama yake alizinduka kesho yake mchana akauliza amejifungua nini. Mimi sikuweza kuvaa viatu kwa jinsi miguu ilivyovimba, na muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyenikuta nimeketi sakafuni kwenye korido akaleta kipimo cha presha bila kuniuliza.

Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, na ukizaa zaidi ya mmoja ni 100. Kulwa na Doto walinipa hizo 16 za ziada, nikawashukuru. Kinachosahauliwa ni kwamba siku hizo 100 hakuna daktari anayeletwa kuziba pengo. Rosta inabaki ileile ikiwa na jina moja pungufu, na waliobaki wanagawana usiku wangu. Hapo ndipo chuki inapozaliwa. Mwenzangu wa kiume aliyenuna nilipotangaza ujauzito hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anahesabu usiku wake. Nimewahi kuwasikia hata madaktari wanawake wakisema kwa sauti, tena mbele ya wasichana watarajali, "Hapa hatubebani mimba kiholela," maana yake mpeane zamu za kuzaa. Mnacheka? Kuna idara wanawake wanapanga kweli, fulani mwaka huu, fulani mwaka kesho, na aliyeshindwa kushika mimba kwenye mwaka wake huwa hana la kusema.

Nikarudi kazini na maziwa yanachuruzika. Sheria inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku akanyonyeshe. Nawashukuru walioiandika, ila nadhani hawakuwahi kupanda daladala ya Buswelu. Kwenda na kurudi, saa zenyewe zimeishia njiani, hujamtoa hata mtoto mmoja mgongoni kwa dada. Kwa hiyo nilikamua. Nilikamulia kwenye chumba cha kuhifadhia madeli na fagio, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, mlango nikiuzuia kwa mguu kwa kuwa kitasa kilikuwa kimekufa. Chupa niliziweka kwenye friji ya chai ya wauguzi, nimezibandika plasta iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: MAZIWA YA KULWA NA DOTO, MSITIE KWENYE CHAI. Kuna siku chupa moja ilipungua. Hatujampata mhusika na sitaki kumjua.

Sasa nimfikie dada.

Alitoka kisiwa cha Kome, akiwa na miaka 19, ameishia kidato cha pili. Sitamtaja jina, ana maisha yake na simu yake, na akitaka ataandika mwenyewe. Alikuja mapacha wakiwa na wiki chache. Katika mwezi wa kwanza alijua mambo ambayo mimi, mwenye shahada ya udaktari, nilikuwa sijayajua: kwamba Doto halali mpaka Kulwa alale, kwamba kilio cha Kulwa cha njaa huanza kwa kukohoa, kwamba ukiwaogesha pamoja mmoja atakunywa maji. Alijifunza kupima dawa ya homa kwa bomba la sindano, na aliandika saa aliyompa kila mmoja kwenye daftari la kurasa 40 lililoning'inizwa jikoni kwa uzi. Nimekagua mafaili mengi ya wagonjwa maishani mwangu. Lile daftari lilikuwa limeandikwa vizuri kuliko mafaili mengi.

Kuna jioni nilikuwa thieta, mikono ndani ya tumbo la mtu, simu yangu ikaita juu ya dirisha. Ikaita tena. Muuguzi akaangalia akasema, "Dada wa nyumbani." Akanisogezea simu sikioni, yeye akiwa ameishika kwa mbali asiguse nguo zangu safi. "Mama, Doto anachemka. Nimempa dawa saa kumi na mbili, haishuki, na shingo naona kama hataki kuikunja." Nilihisi miguu imekwisha. Nikamwambia panda bajaji mlete, usisubiri. Akajibu, "Tuko kwenye bajaji, tumefika Pasiansi." Hakunipigia kuomba ruhusa. Alinipigia ili nijue walikofika. Nilimaliza kufunga tumbo la yule mama nikakuta Doto ameshapokelewa, ameshachukuliwa damu, na ni malaria. Dada ameketi kwenye benchi, Kulwa mgongoni, daftari mkononi, akimsomea daktari wa watoto saa za dawa.

Nimepongezwa mara nyingi kwa kumaliza ubingwa na mapacha. "Mwanamke wa shoka," wanasema. Nyumbani kwangu shoka lilishikwa na mtu mwingine, na kwa Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2022, mtu huyo akilala kwa mwajiri katika nyumba za watu wa kawaida kama sisi, alipangiwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Nilikuwa namlipa zaidi ya hapo. Si zaidi ya kiasi cha kujisifia.

Halafu dada akapata mimba. Mhusika alikuwa fundi wa mtaani, na nafupisha hapo kwa sababu na yeye aliifupisha. Ushauri ulimiminika hata kabla sijauomba. Jirani: mrudishe kwao mapema kabla tumbo halijaonekana. Wifi yangu: utafuga wangapi? Daktari mwenzangu, mwanamke, tuliyeandika naye barua ya kudai chumba cha kunyonyeshea kazini: "Mwache aende, utapata mwingine, wapo wengi." Nilimwangalia nikaona hajasikia alichosema.

Sheria iliyonipa mimi siku 100 haimruki mfanyakazi wa ndani. Siku 84 zilikuwa zake. Nilipoketi mezani kuzipanga ndipo nilipokutana na yule mpangaji zamu wa hospitali, safari hii akiwa amevaa khanga yangu. Nani atashika usiku? Nani atalipwa? Kwa nini amebeba mimba sasa hivi, wakati nina mtihani? Ndiyo, hilo la mwisho nililiwaza, kwa maneno hayohayo. Na nilipoliwaza nikaelewa kwamba hasira zangu zote kwa yule bwana zilikuwa za haki lakini hazikufika kwenye chanzo. Mahali pasipo na mtu wa akiba, kila mimba ni msiba kwa anayepanga rosta, awe profesa au awe mimi. Unaweza kumbadilisha mpangaji ukamweka malaika, na yeye ataanza kununa baada ya mwezi.

Alijifungulia Mwanza, nilikataa katakata asivuke maji na mimba ya kwanza. Alipopata nguvu akaenda Kome kwa mama yake. Kwangu alikuja mama yangu kutoka Magu akiwa na magoti mabovu, mume wangu akawa anavuka Busisi usiku na kurudi alfajiri, na mimi nikabadilishana zamu na kila aliyekubali, madeni ambayo niliendelea kuyalipa hadi Krismasi. Kisheria mume hupewa likizo isiyopungua siku 3 mkewe akizaa. Dada wa kazi akizaa hapewi hata moja, na shule ilimuuliza mume wangu mbona anasinzia.

Siku zilipoisha, dada akarudi peke yake. Mtoto amebaki Kome kwa bibi. Nilipoenda kuwasalimu nikamkuta bibi amekaa kivulini na mjukuu mapajani, na kule mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, wenzake wanaanika dagaa. Kabla ya hapo naye alikuwa anaanika, kwa ndoo, kila asubuhi baada ya mitumbwi kurudi. Ameacha, akaniambia, dagaa na kichanga haviendi pamoja, jua litamuua. Alinichinjia kuku. Nilikula kwa shida.

Ukifuata kamba ya ubingwa wangu kuanzia kwenye kile cheti kilichoning'inia ukutani, inapita kwa dada, inavuka maji, inaishia kwa mwanamke wa makamo ambaye amepoteza kipato chake ili binti yake anilelee watoto, ili mimi nizalishe watoto wa wengine. Njia nzima hiyo hakuna mwanaume aliyepoteza siku ya kazi isipokuwa mume wangu, na yeye alipoteza usingizi tu. Hospitali haikulipa chochote. Chuo hakikulipa chochote. Ndiyo maana nikisikia kongamano limeandaliwa la kuwajengea wanawake madaktari hali ya kujiamini, huwa nasinzia. Hatukosi kujiamini.

Baadaye yule mtoto alihamia kwetu. Dada aliliomba mwenyewe, mimi sikuwa na ujasiri wa kulitaja, na nyumba ikawa na watoto watatu na bibi akarudi mwaloni. Sasa dada anajiandaa kuondoka. Ameshaongea na mtu wa soko la Kirumba, ananunua dagaa kwa gunia na kusafirisha Dar es Salaam, na mtaji ameuweka kwenye kikundi cha akina mama ambacho mimi nilikataliwa kujiunga kwa kuwa "wewe daktari hutahudhuria." Wana haki.

Niliwataja wakubwa wenye midomo michafu. Rushwa ya ngono ipo kwenye taaluma yetu kama ilivyo kwingine: alama za wodi, sahihi ya daftari la mazoezi, nafasi ya kwenda masomoni. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeitaja waziwazi kuwa kosa, na TAKUKURU inapokea malalamiko. Ninachowaambia watarajali ni cha vitendo: usiende ofisini peke yako baada ya saa za kazi, hifadhi ujumbe wote, mwambie mtu mmoja siku hiyohiyo na tarehe uiandike. Na nimeona pia kwamba wanaowindwa zaidi ni wale wenye shida ya nafasi, aliyekosa siku kwa sababu ya mtoto, anayehitaji kufidia wiki. Kwa hiyo hata hilo linarudi palepale.

Tunachodai kazini kwetu hakina maajabu. Daktari wa akiba anayelipwa kwa kipindi cha likizo ya uzazi. Gari la usiku kwa kila anayeitwa, kuanzia bingwa hadi mhudumu. Mwanafunzi wa ubingwa atambuliwe kuwa mfanyakazi mbele ya sheria pale anapofanya kazi ya mfanyakazi. Na chumba cha watoto ndani ya uzio wa hospitali, kinachofanya kazi mchana na usiku, chenye walezi wenye mkataba. La mwisho ndilo tumelianza. Barua imesainiwa na madaktari, wauguzi, watu wa maabara na wahudumu wa usafi, na wa kwanza kusaini walikuwa wahudumu wa usafi, maana wao hawana hata uwezo wa kuajiri dada. Mtoto mkubwa ndiye anayemlea mdogo.

Kwenye kikao cha kuijadili, katibu wa afya wa hospitali yetu aliisoma barua kwa makini, akavua miwani, akauliza hao walezi watalipwa kwa kifungu gani cha bajeti. Kabla sijafungua mdomo, mama mmoja wa usafi aliyekuwa ameketi karibu na mlango akamuuliza wanaotulelea hivi sasa wanalipwa kwa kifungu gani. Katibu akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kikao kimeahirishwa hadi maandalizi ya bajeti ijayo, na tumeambiwa tuje na makadirio.